Meno yamehama baada ya kutolewa vyuma? Itafute kwanza riteina ya zamani

Kabla hujaanza kuulizia vyuma vipya, itafute riteina yako ya mwisho, kile kifaa ulichopewa cha kushikilia meno baada ya kutolewa vyuma. Ile ya plastiki angavu, au ile yenye bamba gumu la plastiki na waya unaopita mbele ya meno, popote ulipoitupia, hata kama hujaivaa kwa miaka. Meno yakihama baada ya kutolewa vyuma, hicho ndicho kifaa pekee ulicho nacho nyumbani kinachokumbuka yalikuwa wapi, na namna kinavyokaa mdomoni leo itaamua karibu kila kitu utakachofanya baadaye.

Mimi si daktari, ni fundi wa maabara ya meno. Daktari anachukua vipimo vya kinywa, vinaletwa kwangu, nami natengeneza riteina na vifaa vingine vya kupangia meno. Wagonjwa wengi siwajui kwa sura, nawajua kwa meno. Faida ya kazi hii ni kwamba mara kwa mara napata mezani modeli mbili, yaani nakala za meno, za mtu mmoja: ya siku aliyotolewa vyuma na ya sasa. Ukiziweka ubavu kwa ubavu unaona mambo ambayo mwenye meno hayaoni kwenye kioo. Analalamikia jino lililochomoza, kumbe hilo halijasogea hata kidogo. Lililosogea ni la pembeni yake, limeingia ndani na kulifanya la kwanza lionekane limetoka nje. Au anasema meno yote yameharibika, kumbe ni mawili tu, na hayo mawili yamezunguka kidogo. Kwa hiyo shauri langu ni kupima kwanza, kisha kutafuta sababu, ndipo kusogeza. Wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye kusogeza.

Kuijaribu riteina ya zamani

Ioshe kwa maji ya baridi na mswaki laini, kisha ikague kwenye mwanga. Ikiwa ina ufa, imemeguka ukingo, au waya wake umepinda, iweke kando; hiyo haipimi kitu tena. Ikiwa nzima, ilowanishe, iweke juu ya meno ya mbele, halafu ibonyeze kwa vidole upande wa kulia na wa kushoto kwa pamoja kuelekea kwenye magego. Usiing'ate ili iingie. Nguvu ya taya ni kubwa mno kwa kazi hii: ama plastiki itapasuka, ama jino moja litabeba mzigo wote uliokusudiwa kugawanywa kwa meno kumi na manne.

Ikishakaa, tazama. Usitegemee hisia peke yake, maana riteina inaweza kubana na bado imekaa vizuri, na inaweza kukaa bila kubana huku jino moja limeachwa. Kwa ile ya plastiki angavu, angalia ncha ya kila jino. Palipo sawa, plastiki imegusa jino na huoni mpaka wowote. Palipohama, utaona kipande cha hewa kama mwezi mwandamo kati ya ncha ya jino na plastiki, na ukibonyeza kwa kidole hewa ile inapungua, ukiachia inarudi. Kwa ile ya bamba na waya, tazama kama waya unagusa kila jino la mbele. Jino lililoingia ndani linaacha nafasi chini ya waya, na jino lililozunguka linaguswa upande mmoja tu. Bamba nalo likitikisika unapolibonyeza huku na huku, ujue kuna kitu kimebadilika nyuma, kwenye magego.

Mpwa wangu alinijia na ya kwake akiwa ameshaivaa. "Mjomba, imeingia yote, inabana kidogo tu." Nikamsogeza dirishani, nikamwambia anyanyue mdomo wa juu. Meno yote yalikuwa yamekaa isipokuwa la pili kutoka katikati, kushoto. Ncha yake ilikuwa na hewa upande mmoja tu, ule wa kuelekea kwenye chonge. Upande wa pili plastiki ilikuwa imelala sawasawa. Maana yake jino halikuwa limepanda wala kushuka, lilikuwa limezunguka. Kioo cha nyumbani kilikuwa kimemwambia "jino limekuwa fupi."

Matokeo ya jaribio hili ni matatu.

Ikiwa riteina imeingia yote na inabana tu, una bahati. Ivae usiku na mchana, uivue wakati wa kula na kupiga mswaki. Mbano wa kawaida hupungua ndani ya siku chache. Endelea hivyo mpaka iingie na kutoka bila kubana hata kidogo, ndipo upunguze hadi usiku peke yake. Ukifika kama wiki mbili na mbano ni uleule, usiendelee kusubiri, nenda kwa daktari.

Ikiwa imeingia karibu yote lakini kuna jino moja au mawili yenye hewa, usiilazimishe. Piga picha kwa karibu, meno ya juu na ya chini, riteina ikiwa mdomoni na ikiwa nje, kisha panga miadi. Daktari anaweza kukuruhusu uendelee kuivaa ili mengine yasihame wakati unasubiri, lakini uamuzi huo ni wake baada ya kuona. Riteina imetengenezwa kushikilia meno, na plastiki yake haina nafasi ya kulipeleka jino mahali. Ikikutana na jino lililohama sana inasukuma popote inapogusa, na hapo hujui inasukuma kuelekea wapi.

Ikiwa haiingii kabisa, usiivae. Lakini usiitupe, ipeleke pamoja nawe. Na kama imepotea kabisa, uliza kliniki iliyokutoa vyuma kama bado wana modeli yako ya plasta au faili ya skani. Kliniki nyingi huhifadhi kwa muda, na hiyo modeli ni bora kuliko picha za simu za miaka ile.

Kwa hali yoyote ya hizi: maumivu makali ya jino moja, jino linalocheza kuliko mengine, au ufizi unaogeuka mweupe unapovaa, ni ishara ya kuvua mara moja.

Kwa nini yamehama

Jino halijaganda kwenye mfupa. Limening'inizwa ndani ya tundu lake kwa nyuzinyuzi nyingi fupi, na ndiyo sababu vyuma viliweza kulisogeza: upande unaobanwa mfupa unayeyuka, upande unaovutwa mfupa mpya unajengeka. Siku vyuma vinapotoka, jino liko mahali pake lakini nyuzi zake bado. Zile zinazozunguka mzizi huchukua takriban miezi 3 hadi 4 kujipanga upya. Za ufizi, miezi 4 hadi 6. Zile zenye kunepa kama mpira, zilizo kwenye shingo ya jino, zinaweza kubaki zimevutika hata baada ya mwaka mzima. Jino lililokuwa limezungushwa ndilo linaloumia zaidi na hili, kwa sababu nyuzi zake zilisokotwa kama kamba, na kamba hutaka kusokotoka. Ukiona jino ambalo zamani lilikuwa limegeuka linageukia tena upande uleule, hizo ndizo zinazolivuta.

Hiyo ni sababu ya miaka ya kwanza. Baadaye inakuja nyingine ambayo haina uhusiano na vyuma kabisa: umri. Upinde wa meno ya chini hupungua urefu kadiri mtu anavyozeeka, hata kwa watu ambao hawajawahi kufungwa waya, na meno ya mbele ya chini hubanana. Robert Little wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alichapisha mwaka 1975 njia rahisi ya kupima mbanano huo: unachukua meno 6 ya mbele ya chini, unapima kwa milimita ni umbali gani kila sehemu ya mguso imepishana na ya jino la pili, unajumlisha sehemu zote 5. Sifuri ni mpangilio kamili, na chini ya milimita 3.5 ilihesabiwa kuwa inakubalika. Yeye na wenzake wakafuatilia wagonjwa waliong'olewa magego madogo na kufungwa vyuma, na katika ripoti yao ya 1988, iliyohusu wagonjwa waliotimiza hadi miaka 20 tangu waache riteina, ni takriban asilimia 10 tu waliokuwa bado na meno ya chini yaliyopangika vya kutosha. Kwa hiyo yeyote anayekuambia "uliacha kuvaa, umejitakia" amesema nusu ya habari. Meno yanahama, ndivyo yalivyo. Riteina ipo kwa sababu hiyo.

Magego ya mwisho yanalaumiwa sana, kwamba yanapoota yanasukuma foleni nzima mbele. Utafiti haujaunga mkono kuyang'oa kwa sababu hiyo peke yake. Ukiambiwa uyatoe ili meno ya mbele yasibanane, omba sababu nyingine.

Waya uliogundishwa nyuma ya meno

Kama ulibandikiwa waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele, aghalabu ya chini kutoka chonge hadi chonge, hapo ndipo pa kuanzia ukaguzi, hata kabla ya riteina ya kuvua. Waya huu una ubaya mmoja: gundi ikiachia kwenye jino moja, mengine yanaendelea kuushikilia na wewe husikii chochote. Lile lililoachwa linahama polepole.

Ukague hivi. Pitisha ncha ya ulimi kwenye kila doa la gundi. Panapokwaruza au panapoonekana pana shimo, pana tatizo. Kisha chukua kioo kidogo na tochi ya simu, bonyeza kila jino kwa kidole kutoka mbele, uone kama jino linasogea na waya unabaki. Uzi wa kusafishia meno ukipita chini ya waya mahali ambapo zamani ulikuwa unakwama kwenye gundi, ni jibu hilohilo. Gundi ikiachia, waya hurudishiwa siku hiyohiyo kwa kawaida, na ukiwahi jino halijaenda mbali.

Kuna jambo la pili ambalo hata watu walio makini hulikosa. Waya unaweza kuwa mzima, gundi zote zimeshika, na bado ukawa wenyewe ndio unaosogeza meno, kwa sababu umepinda au ulikuwa na msokoto tangu mwanzo. Dalili yake ni ya ajabu: jino moja, mara nyingi chonge ya chini au jino la mbele, linaanza kuinamia mbele au nyuma kwa mzizi wake, ufizi unashuka upande mmoja na unaona umbo la mzizi limevimba chini ya ufizi. Hapo usisubiri miadi ya mwezi ujao, piga simu. Waya huo unahitaji kutolewa, na usijaribu kuutoa mwenyewe kwa koleo, maana gundi ya aina ile huondolewa kwa kusagwa na ukivuta unaweza kuondoka na kipande cha jino.

Fizi kwanza

Mtu mzima ambaye meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yamefungana na sasa yanaachana, yanatanuka na kurefuka, asije kwangu wala kwa mtaalamu wa kupanga meno kabla hajapimwa fizi. Ugonjwa wa fizi unakula mfupa unaoshikilia mizizi, na meno yaliyopoteza mfupa husukumwa na ulimi, mdomo na mng'ato wa kila siku. Dalili nyingine ni damu wakati wa kupiga mswaki, harufu isiyoisha, usaha, na meno yanayocheza. Daktari atapima kina cha mfuko kati ya jino na ufizi kwa kifimbo chenye alama za milimita. 1 hadi 3 ni kawaida, 4 na kuendelea panahitaji kazi. Kusogeza jino ambalo fizi zake zinaumwa ni kuharakisha kulipoteza. Fizi zikishatulia, meno hayohayo yanaweza kupangwa vizuri tu, hata yakiwa yamepungukiwa mfupa, kwa nguvu ndogo.

Kuna sababu nyingine za kumtajia daktari bila kuulizwa: jino lililong'olewa na pengo likaachwa, kujaziwa au kuvikwa kofia jino kulikobadilisha mng'ato, kusaga meno usingizini, ulimi unaosukuma meno ya mbele kila unapomeza, kupumua kwa mdomo. Na kama unatumia dawa za mifupa zilizo kwenye kundi la bisifosfonati, zitaje mapema, kwa sababu zinapunguza uwezo wa mfupa kujiyeyusha na kujijenga, na kusogeza meno kunategemea hilohilo.

Njia za kuyarudisha

Hapa daktari ndiye mwenye neno, lakini ni vizuri uingie ofisini kwake ukijua anachokuambia.

Kwa mbanano mdogo wa meno ya mbele, ipo riteina ya springi, na huwa napenda kueleza inavyotengenezwa kwa sababu ukielewa hapo utajua pia mipaka yake. Inakuja modeli ya plasta ya meno yako jinsi yalivyo leo. Nachukua msumeno mwembamba kama uzi, nakata meno ya plasta yaliyohama moja moja kutoka kwenye msingi wake, nayachonga kidogo pale mizizi ingekuwa, kisha nayarudisha kwenye modeli kwa nta, safari hii yakiwa yamenyooka. Ni kazi ya taratibu: jino linaingia, nalitazama kutoka juu, nalizungusha kwa ncha ya kisu cha moto mpaka migusano ipatane. Halafu juu ya modeli hiyo iliyorekebishwa ndipo napinda waya na kumwaga akriliki, yaani plastiki ngumu, mbele na nyuma ya meno. Kwa hiyo kifaa kinachotoka kinatoshea meno ambayo bado huna. Ukikivaa, kinakubana kuelekea huko. Kinaweza kuinamisha jino na kulizungusha kidogo. Hakiwezi kuhamisha mzizi, na jino likiwa limepishana zaidi ya milimita moja au mbili, halikai.

Njia ya pili ni alaina, zile trei nyembamba za plastiki angavu zinazofuatana. Kila trei husogeza jino hadi takriban milimita 0.25, unaivaa saa 20 hadi 22 kwa siku, unabadilisha baada ya wiki moja au mbili. Piga hesabu: jino linalotakiwa kusogea milimita 1.5 linahitaji si chini ya trei 6, na kwa kawaida zinakuwa zaidi kwa sababu meno hayatii ratiba. Alaina zinafanya vizuri kuinamisha na kufunga nafasi ndogo. Zinasumbuka na meno ya mviringo yaliyozunguka, kama chonge na magego madogo, kwa kuwa plastiki haina pembe ya kushika. Ndiyo maana daktari anabandika vidonge vidogo vya gundi juu ya meno hayo. Mtu anayejijua kwamba riteina ilimshinda kuvaa ajiulize kwa ukweli kama saa 22 ataziweza.

Ya tatu ni vyuma vya muda mfupi kwenye meno ya mbele pekee, juu au chini. Watu wengi husikia neno vyuma wakakimbia, lakini kwa jino lililozunguka sana mimi ningechagua hivyo. Vinashika jino kila upande, wala havitegemei kumbukumbu yako. Kazi ndogo za aina hii mara nyingi huchukua miezi michache. Matibabu kamili hubaki kwa wale ambao mng'ato wenyewe umebadilika: meno ya mbele hayakutani tena, taya limeenda upande, magego yanagongana vibaya. Hapo kunyoosha meno sita ya mbele na kuacha mengine ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Vyovyote iwavyo, muulize daktari swali moja: nafasi itatoka wapi? Meno yaliyobanana yamebanana kwa sababu hayana nafasi, na yakinyooshwa bila kutengenezewa nafasi yatasukumwa mbele kuelekea mdomo na yatarudi. Jibu la kawaida ni kusugua kidogo pande za meno kwa utepe wa msasa mwembamba. Sehemu 5 za mguso kati ya meno 6, milimita 0.4 kila moja, zinakupa milimita 2 kamili, na hiyo inatosha mbanano mwingi wa baada ya vyuma. Enameli haioti tena, kwa hiyo kazi hii inapimwa kwa geji na inafanywa na mtaalamu tu. Ikifanywa vizuri, meno huguswa kwa eneo pana zaidi kuliko awali, jambo linalosaidia yasitelezane.

Kwa jino lililokwisha kuzunguka mara ya pili, uliza pia juu ya kukatwa nyuzi za shingoni mwa jino. Ni upasuaji mdogo kwa sindano ya ganzi: daktari anazungusha kisu chembamba ndani ya ufizi kuzunguka jino, nyuzi zilizovutika zinakatika na kujishika upya jino likiwa mahali papya. Haufanywi kwa kila mtu, na ufizi lazima uwe mzima.

Maumivu ya kusogeza meno hukaa siku mbili hadi nne kwa kila badiliko. Wataalamu wengi hupendelea paracetamol kuliko ibuprofen, kwani dawa za kundi la ibuprofen zinaweza kupunguza kasi ya jino kusogea.

Kuna wanaoshauriwa kufunika meno yaliyopinda kwa maganda ya kaure ili yaonekane yamenyooka. Inaonekana haraka, ndiyo. Lakini jino zima linapunguzwa ili kuficha tatizo la nafasi, na jino chini ya ganda linaendelea kuhama. Sipingi kazi hiyo ilipo na sababu yake. Kwa meno yaliyohama baada ya vyuma, naona ni gharama kubwa ya jino.

Usifanye haya

Usifunge mpira kuzunguka meno mawili ili kuziba mwanya. Ni jambo ambalo linaonekana dogo na linaharibu kuliko yote. Jino ni pana juu na jembamba kuelekea mzizini, kwa hiyo mpira hausimami ulipouweka. Unateleza kwenda juu, unaingia chini ya ufizi, hauonekani tena, na unaendelea kubana na kukata nyuzi na mfupa hadi jino linalegea. Watu wamepoteza meno mazima mawili ya mbele kwa njia hii, na mwanya ulikuwa umezibika kweli wiki ya kwanza.

Usiitie riteina kwenye maji ya moto ili uipinde ikutoshee. Usisugue meno kwa tupa ya kucha. Usiagize trei za kunyoosha meno kutoka mahali ambapo hakuna mtu aliyekagua fizi zako wala kupiga eksirei. Picha za simu hazionyeshi mfupa, wala hazionyeshi mizizi iliyofupika kutokana na vyuma vya kwanza. Mizizi hufupika kidogo kwa watu wengi wanaposogezwa meno, na mara ya pili lazima daktari ajue anaanzia urefu gani.

Yakisharudi

Siku ya mwisho ya matibabu usitoke bila kitu cha kuyashikilia. Hata usiku mmoja una maana, hasa kwa jino lililozungushwa. Ratiba ya kawaida ni muda wote kwa miezi ya mwanzo, kisha usiku, na huo usiku hauna tarehe ya mwisho. Waya wa nyuma na riteina ya kuvaa usiku juu yake ni mpango ninaoupenda kwa mtu ambaye meno yake yaliwahi kuhama: waya ukiachia, riteina itakuonyesha asubuhi.

Plastiki angavu huchakaa. Ikipata ukungu mweupe na kulegea, agiza nyingine kabla haijapasuka. Ioshe kwa sabuni laini na maji ya baridi. Dawa ya meno yenye chembe inaikwaruza na mikwaruzo inashika uchafu. Nyuma ya waya pitisha uzi mnene wenye ncha ngumu au kijiswaki chembamba, maana eneo hilo la meno ya chini ndilo linalojenga ukoga haraka kuliko yote, kwa kuwa tundu za mate ziko hapohapo chini ya ulimi.

Ukila nje, iweke kwenye kiboksi chake, kamwe si kwenye karatasi ya kufutia mikono. Karatasi hizo huishia kwenye pipa na wengi wa wanaoagiza upya wameipoteza hivyo. Iliyobaki inaliwa na mbwa. Wanaipenda, sijui ni harufu ya mate.

Na oda ikiandikwa, mwambie daktari aandike mbili. Kutengeneza ya pili juu ya modeli ileile ni kazi ndogo kwetu. Kutengeneza mpya baada ya meno kuhama ni kazi mpya kabisa. Omba pia nakala ya faili ya skani, uihifadhi mahali unapohifadhi vyeti vyako. Kama ni modeli ya plasta, iandike tarehe chini kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka ikipata unyevu.